Wiki nane zisizo na mwenyewe: barua ya wazi kuhusu mafunzo kwa vitendo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia; Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira; Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania; na Makamu Wakuu wa vyuo vikuu nchini.

YAH: KUWAANDAA WANAFUNZI KWA KAZI KUPITIA MAFUNZO KWA VITENDO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu katika taasisi moja ya umma jijini Dar es Salaam, na miongoni mwa kazi ambazo hazimo katika mkataba wangu lakini nimezifanya kwa miaka mingi ni kupokea wanafunzi wa vyuo wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wao wenyewe wanavyoyaita. Nawaandikia kwa sababu kila mwaka nasikia viongozi wakisikitika kwamba wahitimu wetu hawaajiriki, na kila mwaka tiba inayotajwa ni ileile: semina za kujitambua, makongamano ya vijana, mafunzo ya kuandika wasifu, na wito kwamba vijana waache kuchagua kazi na wajiajiri. Sina ugomvi na semina, ingawa nimehudhuria za kutosha kujua kwamba chakula cha mchana hukumbukwa kuliko mada. Hoja yangu ni kwamba tayari tunacho kipindi kilichomo ndani ya mtaala, chenye alama zake, ambacho shughuli yake ni kumwandaa mwanafunzi kwa kazi, nacho tumekiacha kikageuka kuwa zoezi la kugonga mihuri.

Sitaki nieleweke kwamba fildi ikitengenezwa ajira zitafumuka. Mwaka 2014 zaidi ya vijana 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji, na mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 135,000. Hesabu hiyo haitatuliwi na msimamizi mzuri wa wanafunzi. Lakini kijana atakayekosa nafasi mwaka huu ataendelea kuishi na kutafuta, na tofauti kati ya aliyewahi kufanya kazi halisi chini ya mtu mwenye subira na yule aliyekaa wiki nane pembeni ya mashine ya kudurufu huonekana mapema, kuanzia jinsi anavyoingia mlangoni na kusema amekuja kufuata nini.

Nianze na jinsi nafasi zinavyopatikana. Chuo humpa mwanafunzi barua ya utambulisho isiyomlenga mtu, yenye maneno ya kuelekezwa kwa yeyote anayehusika, kisha humwacha aizungushe mwenyewe. Anaipeleka masijala, anaambiwa asubiri simu, simu haipigwi, anakwenda ofisi nyingine. Mwenye mjomba Wizarani au shangazi benki anapata nafasi kabla ya mitihani ya muhula wa pili kwisha, na asiye na ndugu mjini anachukua chochote kinachojitokeza, hata kama anasomea takwimu na ofisi iliyomkubali inauza vifaa vya ujenzi. Bodi ya Mikopo hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanaostahili, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini wasio na mkopo huchagua mahali pa kufanyia mafunzo kwa kuangalia ni wapi pana ndugu atakayewapa godoro na sahani ya ugali. Kwa hiyo hata kabla ya siku ya kwanza kazini, mwanafunzi amekwisha kufundishwa somo ambalo hakuna chuo kinachokiri kulifundisha, kwamba milango hufunguliwa kwa kujuana.

Pili ni suala la wakati, ambalo kwa maoni yangu ndilo limefikiriwa kidogo kuliko yote. Vyuo vyetu vingi huwatoa wanafunzi wao katika kipindi kilekile, kati ya Julai na Septemba, kwa sababu kalenda ya masomo inaruhusu hivyo. Kalenda ya kazi haikuulizwa. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na taasisi za umma zina miezi mitatu ya kuandaa hesabu zake na kuziwasilisha kwa Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali. Maana yake ni kwamba wanafunzi wa uhasibu wanatufikia katika majuma ambayo mhasibu hana hata muda wa kunywa chai. Kwa mwanafunzi hiyo ingekuwa bahati kubwa, kwani kufunga hesabu za mwaka ndiyo shule yenyewe, lakini bahati hiyo inahitaji mtu wa kumwelekeza, na mtu huyo ameinamia taarifa za usuluhishi wa benki hadi saa mbili usiku. Wa kilimo hali yao ni mbaya zaidi. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma au Mbeya, mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mwanafunzi anayefika mwezi Agosti anakuta mabua. Anahitimu shahada ya kilimo bila kusimama na mkulima siku ya kupanda, wala kuona viwavi wakiingia kwenye mahindi machanga, kwa sababu tu mimea haikufuata kalenda ya chuo.

Tatu ni kinachotokea ndani ya ofisi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu huweza kumaliza majuma yote bila kulishika. Wiki ya kwanza anatambulishwa. Wiki ya pili anapanga mafaili. Kisha inajulikana kwamba ni kijana mwenye adabu na mbio, basi anatumwa benki, anatumwa kudurufu, anatumwa chapati. Sisemi kwamba kutumwa ni udhalili. Wengi wetu tulianza kwa kutumwa. Lakini zamani aliyetumwa kupeleka faili aliweza kulisoma njiani, na leo kazi yenyewe imehamia ndani ya mifumo ya kompyuta. Malipo ya Serikali yanapita kwenye MUSE, na tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma unafanyika kwenye NeST. Mwanafunzi hana nywila ya kuingilia, na hapaswi kupewa ya mtu mwingine, maana kufanya hivyo ni kosa kubwa. Matokeo yake ni kwamba anavuta kiti, anakaa nyuma ya bega la afisa, anatazama kioo. Tunahitimisha wataalamu wa ununuzi ambao hawajawahi kuandaa zabuni hata moja ndani ya mfumo ambao ndio pekee watakaoukuta kazini. Nashangaa kwamba hadi leo hatujaweka nakala ya mazoezi ya mifumo hii, yenye takwimu za kubuni, ambayo kila chuo kingeitumia maabara na kila mwanafunzi akafika ofisini akijua angalau kitufe gani kinafuata kipi. Wataalamu wa kuitengeneza wapo hapahapa nchini, na ndio walioijenga ile halisi.

Niruhusuni nieleze kwa karibu mfano mmoja, kwa kuwa huu ndio unaonifanya niamini kwamba jambo hili linawezekana. Alikuja binti wa mwaka wa pili kutoka chuo kimoja cha mikoani, mpole, mwenye matokeo mazuri darasani. Nilimpa hati ya malipo yenye viambatanisho vyake nikamuuliza kama angeilipa. Akajumlisha, akaona hesabu inalingana, akasema angelipa. Hati ile haikuwa na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, sahihi ya aliyeidhinisha haikuwapo, na tarehe ya ankara ilitangulia ya agizo la ununuzi. Hakuyaona yale, na sikumlaumu, kwa sababu darasani alikuwa ameletewa swali ambalo kila tarakimu yake ilikwisha kuthibitishwa na mtunga mtihani. Tukaanza upya. Kila asubuhi alipewa hati chache, anaandika kwa penseli kasoro alizoziona, kisha tunazipitia pamoja kabla sijaendelea na kazi yangu. Ilinichukua muda mfupi tu kila siku. Kuelekea mwisho wa mafunzo yake, afisa mmoja mwandamizi alileta maombi ya masurufu ya safari, yaani fedha anazotangulizwa mtumishi na kuzitolea hesabu baadaye, wakati masurufu ya safari iliyotangulia hayajarejeshwa. Binti akasimama, akamwamkia, akasema, "Shikamoo mzee. Naomba nikurudishie hii kwanza, ile ya Tanga bado haijafungwa." Mzee akamtazama, akacheka, akaondoka na karatasi yake.

Nawaomba mlitazame tukio hilo kwa makini, kwa sababu ndani yake mna kila kitu kinachotajwa kwenye mabango ya makongamano ya vijana: kujiamini, mawasiliano, uadilifu, kujua kanuni na kuitumia bila kumvunjia mtu heshima. Hakuvipata kwa kuhamasishwa. Alivipata kwa sababu alipewa kazi yenye uzito, akawa na mtu wa kumsahihisha, na akaijua kanuni kwa uhakika wa kutosha kumkabili mkubwa wake nayo. Semina humwambia kijana ajiamini bila kumpa jambo la kuliamini ndani yake.

Sasa linganisheni na namna tunavyopima. Kila mwanafunzi ana kitabu cha kumbukumbu anachopaswa kukijaza kila siku na kutiwa sahihi na msimamizi wake kila wiki. Vitabu hivyo nimeviona vingi. Kilichojazwa kwa uaminifu hujulikana kwa macho tu: wino umebadilika katikati, ukurasa mmoja una doa la chai, siku fulani imeandikwa kwa haraka. Kilichojazwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho nacho hujulikana, kwani juma la kwanza na la nane yana mwandiko uleule, kalamu ileile, na sentensi ileile kwamba mwanafunzi alijifunza mambo mengi. Vyote viwili hugongwa mhuri uleule. Mhadhiri wa kutathmini, akifika, hufika mara moja, hukaa chini ya nusu saa, humuuliza msimamizi kama kijana anahudhuria, huondoka kwenda kwa mwingine, kwa kuwa amepangiwa wanafunzi wengi waliotawanyika mkoa mzima na posho yake haitoshi siku za kuwafikia kwa utulivu. Mara nyingine tathmini hufanyika kwa simu. Alama zinazotoka hapo mara nyingi ni za juu, na hazimwambii mwajiri chochote.

Kuna jambo zito zaidi ambalo ofisi nyingi hulinyamazia. Mwanafunzi wa fildi hana mkataba, hana mshahara, hana chama, na alama zake ziko mikononi mwa mtu mmoja anayeshika kalamu. Kwa mabinti hali hii imewaweka wengine mbele ya rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja wazi kuwa kosa, kwa hiyo tatizo haliko kwenye sheria. Tatizo ni kwamba binti aliyetoka chuo cha Mwanza na kupata nafasi katika ofisi ya Mtwara hajui ampigie nani saa kumi na moja jioni, na barua aliyopewa ina namba ya simu ya mezani ya idara ambayo wakati huo imefungwa kwa likizo. Ninyi Makamu Wakuu mnaweza kulimaliza hili kwa gharama ndogo mno: jina la mtu, namba inayopokelewa, na mamlaka ya kumhamisha mwanafunzi siku hiyohiyo bila kumpotezea alama wala kumtaka kwanza athibitishe shauri lake.

Inaweza kusemwa kwamba nchi maskini haiwezi kusimamia maelfu ya wanafunzi kwa ukaribu huo. Jibu langu ni kwamba nchi hii hii inaweza, pale inapoamua kwamba kosa litagharimu. Daktari hasajiliwi kikamilifu kabla ya kumaliza mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa ikiendesha mafunzo ya miaka mitatu kwa wahandisi wahitimu tangu mwaka 2003, na kila mhandisi mchanga huwa na mhandisi mkubwa anayewajibika kwa ajili yake. Hata walimu, ambao wengi huwadharau katika mazungumzo haya, wana utaratibu ulio bora kuliko wetu: mwalimu mwanafunzi husimama mbele ya darasa halisi, mhadhiri huketi nyuma akiwa na fomu, na wakitoka wanakaa chini ya mwembe kuzungumza kilichokwenda vibaya. Wanaobaki bila mwenyewe ni wale walio wengi, wa biashara, utawala, ustawi wa jamii, uchumi, takwimu, ununuzi na kilimo. Makosa yao hayaui mtu papo hapo, na nadhani ndiyo sababu tumeyavumilia.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Naomba chuo kiwajibike kumtafutia kila mwanafunzi nafasi kabla hajaondoka, kwa makubaliano ya maandishi na ofisi husika yanayosema atafanya kazi gani, chini ya nani, na akiumia gharama zitabebwa na nani. Naomba Tume ya Vyuo Vikuu iruhusu, tena ihimize, vyuo kupanga mafunzo katika nyakati zinazoendana na fani, ili wa kilimo watoke wakati wa kupanda hata kama itabidi wafanye mtihani mmoja baadaye, na ili ofisi moja isipokee wanafunzi ishirini mwezi Agosti na kukaa bila hata mmoja mwezi Februari, ambapo mimi binafsi ningewapokea kwa mikono miwili. Naomba tathmini iache kuwa ya kitabu cha kumbukumbu na iwe ya kazi iliyofanyika: hati zilizokaguliwa, ripoti iliyoandikwa, shamba lililopimwa, pamoja na maelezo ya msimamizi kuhusu kosa ambalo mwanafunzi alilifanya na jinsi alivyolirekebisha. Msimamizi ambaye hawezi kutaja hata kosa moja hakuwa akisimamia.

Kwa upande wa waajiri binafsi kuna kishawishi ambacho hakijatumika. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Tozo ilishushwa kwa wote, waliofundisha kijana na wasiowahi kumfungulia geti. Ikiwa siku moja itafikiriwa kupunguzwa tena, punguzo hilo lingefaa kwenda kwa mwajiri anayeonyesha kwamba amepokea wanafunzi na kuwapa kazi yenye maana. Yeye pia naomba abanwe kidogo katika matangazo yake ya kazi. Nafasi ya kuanzia inayodai uzoefu wa miaka mitatu haina mantiki, na utumishi wa umma wenyewe umeliona hilo, kwani nafasi nyingi za Daraja la II hutangazwa bila sharti la uzoefu. Fildi iliyofanyika vizuri na kuthibitishwa ingeweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya uzoefu, lakini hakuna mwajiri mwenye akili atakayeihesabu ilivyo sasa, nami simlaumu.

Jambo hili lina haraka yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, imeleta mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, katika sekondari. Vijana hao nao watahitaji karakana, mashamba na ofisi za kujifunzia, na watabisha hodi katika milango ileile inayobishwa na wa vyuo vikuu na wa vyuo vya ufundi. Kama hatutajua sasa nani anapokea nani na kwa wakati gani, foleni itakuwa ndefu zaidi na wenye mjomba watazidi kuwa mbele.

Barua za utambulisho za mwaka huu hazijachapishwa bado. Kabla hazijachapishwa, naomba kila chuo kitangaze hadharani, katika ubao wake wa matangazo na tovuti yake, ni wanafunzi wangapi kinatarajia kuwatoa, wangapi kati yao tayari wana nafasi iliyokubaliwa kwa maandishi, na jina la ofisa atakayejibu simu zao. Tume ikusanye taarifa hizo na kuzichapisha pamoja, chuo kwa chuo, kabla ya mwisho wa Juni.

Naomba kuwasilisha.

Mhasibu na msimamizi wa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo,
Dar es Salaam